Ziwa Lilipopumzishwa, Nyumba Yetu Iligawanyika

Hapa Mbalizi hatuna ziwa. Tunayo barabara kuu iendayo Tunduma, tunayo baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na tunalo soko ambamo dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika huuzwa jirani na viazi vya Umalila. Mtu anaweza kuishi hapa miaka hamsini asilione ziwa hilo hata siku moja, na bado likamlisha mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zitasimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, wengi mtaani petu walilipokea tangazo hilo kama habari ya watu wa mbali, wa Kigoma, Katavi na Rukwa. Neno lililotumika lilikuwa la upole: ziwa linapumzishwa.

Kwetu nyumbani halikuwa jambo la mbali. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mvuvi wa Kirando, wilaya ya Nkasi. Ana vipe viwili, yaani mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili kwa magogo, wavu ukishushwa katikati na taa zikiwashwa juu yake ili kuwaita dagaa. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, huuza dagaa sokoni, na magunia yake huletwa na shemeji huyo huyo kupitia Namanyere, Sumbawanga na Tunduma. Kijana wangu wa pili naye amesomea mambo ya uvuvi chuoni. Watu watatu hao wote hula sahani moja nyumbani kwangu, na kwa miezi mitatu walikula huku wakibishana.

Shemeji aliwasili wiki ya mwisho ya Mei pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Alisema amekuja kutusalimia. Mke wangu alitazama ukubwa wa mabegi, akaandaa chumba cha kukaa muda mrefu.

Nianze na hoja za kijana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa upande wa katazo na ndiye aliyejiandaa vizuri zaidi. Yeye alisema kwamba jambo hili si la Tanzania peke yake. Ziwa ni la nchi nne: Kongo ina sehemu kubwa zaidi, ikifuatiwa na sisi, kisha Burundi na Zambia zina vipande vidogo. Mkataba wa kulisimamia kwa pamoja ulitiwa saini hapa kwetu, Dar es Salaam, mwezi Juni 2003, na mwezi Desemba 2021 nchi hizo zikakubaliana juu ya hatua za uvuvi, mojawapo ikiwa ni kusimama kwa miezi mitatu kila mwaka. Mwaka 2023 wenzetu watatu walisimama, sisi hatukusimama. “Mjomba,” alimwambia shemeji, “mwaka jana wa Burundi na wa Kongo walikaa ufukweni wakitazama taa zetu. Dagaa hawana pasipoti.”

Kisha akaeleza namna samaki wenyewe wanavyoishi. Dagaa ana maisha mafupi, kama mwaka mmoja tu, hukua upesi na kuzaa kwa wingi. Ukimpa nafasi hurudi haraka. Mgebuka, anayemla dagaa, huchukua muda mrefu zaidi kukomaa, na wavu wa matundu madogo ukimzoa akiwa mtoto hapati hata nafasi moja ya kuzaa. Wazee wa Kirando wanaomkumbuka sangala wa kubebwa na watu wawili hawasimulii hekaya. Upande wa kusini, kwenye maji ya Zambia, meli za uvuvi zilianza kazi miaka ya 1960, na samaki wakubwa wa jamii hiyo ndio waliotangulia kuadimika.

(Nafungua mabano kwa wale wanaomdharau dagaa. Mwaka 1959 aina mmoja wa dagaa wa Tanganyika alipelekwa Ziwa Kivu, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa bwawa la Kariba. Huko alistawi, na leo familia za Zambia na Zimbabwe humwita kapenta na kumla kila siku.)

Shemeji si mtu wa makaratasi, lakini ana miaka zaidi ya ishirini juu ya maji, na alijibu kwa utaratibu. Alisema kwanza kwamba ziwa hupumzika kila mwezi bila tangazo la mtu. Mbalamwezi ikikomaa, taa haina nguvu ya kumvuta dagaa, na wavuvi hurudi nyumbani kushona nyavu. Pili, miezi iliyochaguliwa ni miezi ya upepo wa kusini. Upepo huo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kwetu kusini maji ya chini, ya baridi na yenye rutuba, hupanda juu. Vijidudu ambavyo dagaa hula huongezeka, na dagaa wenyewe huongezeka. Ni miezi migumu kwa mtumbwi, lakini ndiyo huandaa neema. “Sasa wakishafungua,” alisema, “samaki wakiwa wengi, nani atajua kama ni upepo au ni tangazo?”

Kijana hakuwa na jibu la haraka kwa hilo, na naamini hakuna mwenye jibu jepesi. Tena shemeji alikuwa amesikia habari ya joto, na hapa wawili hao walikutana bila kutaka. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya ziwa hili yamekuwa yakipata joto, na kwamba maji ya juu yakiwa na joto zaidi hukaa juu kama mafuta, yasichanganyike vyema na yale ya chini. Rutuba hubaki kilindini, mahali pasipo na hewa wala samaki. Kwa hiyo ziwa linaweza kupungukiwa na samaki hata pale ambapo mvuvi hakuongeza wavu mmoja. Mvuvi wa Kirando hakuliwasha jua hilo, lakini yeye ndiye aliyeambiwa akae nyumbani.

Hoja yake ya tatu ndiyo iliyoniuma. Alisema kwamba katazo lilimkuta mwenye boti yenye injini na mzee mwenye mshipi mmoja kwa namna ile ile. Yeye mwenyewe alikuwa bado anadaiwa fedha za injini na mfanyabiashara aliyemkopesha, na mdai hakupumzisha deni kwa sababu ziwa limepumzishwa. Lakini alikiri kwamba yeye ana shemeji Mbalizi. Wale wavuvi wake, vijana kumi na wawili waliokuwa wakilipwa kwa mgawo wa samaki, hawakuwa na pa kwenda. Wengine walikwenda kubeba mahindi, wengine walikaa tu.

Idi ya kuchinja ilitukuta katikati ya Juni tukiwa katika mjadala huo, na kwa kuwa zilikuwa siku za Hija, mjadala ukaingia katika dini. Shemeji alisema jambo ambalo wengi wamelisikia kwa mashekhe wao: aliyehirimia Hija huharamishiwa mawindo ya nchi kavu, lakini mawindo ya baharini ameachiwa halali. Ikiwa Mwenyezi Mungu amemwachia samaki hata mtu aliye katika ihramu, ni nani wa kumzuilia mvuvi wa Kirando aliye nyumbani kwake?

Hilo si swali la kipuuzi, na sikupenda kijana alivyolicheka. Nilimjibu shemeji kwa kadiri ya elimu yangu, ambayo ni ya mwalimu mstaafu anayesomesha watoto baada ya Alasiri, si ya mufti. Serikali haikusema kuwa dagaa ni haramu. Samaki alibaki halali kama alivyokuwa. Kilichozuiliwa ni kitendo, kwa muda na mahali maalumu, kwa ajili ya maslahi ya wanaomtegemea. Na dini yetu inaujua utaratibu huo: ndani ya eneo takatifu la Makka mawindo hayasumbuliwi na miti haikatwi, na Mtume wetu (S.A.W.) aliweka mipaka ya Madina ambamo pia mawindo na miti vilihifadhiwa. Huko kuna utukufu wa mahali, sikulinganishi na ziwa. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba mnyama aliye halali anaweza kuachwa kwa amri, asipoteze uhalali wake, na mja akawa na ujira kwa kumwacha.

Shemeji alinyamaza, kisha akasema, “Basi wawe na huruma katika amri.” Nitalirudia neno lake baadaye, kwa sababu kabla ya hapo dada alipata mtihani wake.

Mapema mwezi wa saba dagaa walikuwa wamekwisha sokoni. Waliobaki waliuzwa kwa bei iliyopanda kila wiki, na wateja wakahamia kwenye dagaa wa Ziwa Nyasa na wale wa Ziwa Victoria, ambao wenyeji wa hapa huwala huku wakilalamika. Dada aliuza nyanya kidogo, akauza vitunguu, mtaji ukaanza kuliwa. Ana wajukuu watatu anaowalea. Usiku mmoja baada ya Isha alipigiwa simu na mchuuzi anayemfahamu: kuna magunia manne, dagaa wapya wa Tanganyika, yako kwenye lori la mahindi, bei nafuu, fedha taslimu, na yashushwe kabla ya Alfajiri. Alikuja kwangu amejifunga khanga mbili kwa baridi. Hakuja kuomba fat-wa. Alikuja kuomba nimwongezee fedha.

Tulikaa jikoni, yeye, shemeji, mke wangu na mimi. Kijana alikuwa amelala, na nashukuru. Hesabu ilikuwa rahisi: faida ya magunia yale manne ingemrudishia mtaji wote na karo ya mjukuu mmoja. Samaki wenyewe wamekwisha kufa. Asipowanunua yeye atanunua mwingine. Yeye hakutia wavu majini. Hoja zote hizo zilisemwa, na nyingine nilizisema mimi, kwa kuwa ni dada yangu na nilikuwa nimeona sufuria yake.

Ndipo dada akauliza kisa cha watu wa Jumamosi kinakwendaje. Kila mtoto wa madrasa anakijua, kimo katika Suratul A‘raf. Wana wa Israili wa mji uliokuwa kando ya bahari walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na katika mtihani wao samaki wakawa wanajitokeza juu ya maji siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanasimulia kwamba wakafanya hila: wakatega Ijumaa na kukusanya Jumapili, ili mtu aweze kusema kwamba Jumamosi hakuvua. Nikamweleza pia kwamba mji ule uligawanyika, waliovunja amri, waliowakataza, na waliowaambia wakatazaji kwamba wanajisumbua bure.

Dada alisikiliza, akakunja khanga. “Mdogo wangu, mimi sikutega Ijumaa,” alisema, “lakini nikiyachukua haya magunia nitakuwa nimekwenda kununua Jumapili.” Akampigia mchuuzi simu akamwambia hana fedha. Shemeji, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akilipinga katazo kwenye meza yangu, ndiye aliyemsindikiza hadi nyumbani kwake.

Sitaki msomaji adhani kwamba baraka ilimshukia dada asubuhi yake. Magunia yale yalinunuliwa na mwanamke wa meza ya tatu kutoka kwake, akayauza kwa siku mbili, na hakuna aliyemuuliza kitu. Dada aliendelea na vitunguu hadi Agosti. Wanaotunga amri za namna hii wangejua jambo hili wangeziandika tofauti: kwamba katika kila soko wapo watakaozitii kwa hasara, na hasara yao huwa faida ya asiyetii. Mlinzi wa ziwa asipofika kwenye lori la mahindi, anayeadhibiwa ni mtiifu.

Narudi kwenye neno la shemeji kuhusu huruma. Katika Sahihi ya Imam Bukhari kuna mapokezi ya Sayyidna Umar (R.A.) ambayo ningependa kila ofisa wa maliasili ayasome, awe wa dini yoyote. Umar alikuwa amelitenga eneo la malisho kwa ajili ya wanyama wa hazina ya Waislamu. Waarabu huliita eneo kama hilo himaa. Si hima yetu ya haraka, bali ni ndugu wa neno letu himaya. Akamweka msimamizi, mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Wasia aliompa ulianza na unyenyekevu kwa watu na kuiogopa dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hao ni Abdurrahman na Uthman, masahaba wakubwa na matajiri. Sababu aliyoitoa ni ya mtu anayejua hesabu za jikoni: matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mdogo mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni, na Umar hataweza kuwaacha, atalazimika kutoa dhahabu na fedha, na kutoa majani na maji ni rahisi zaidi. Wala hakujidanganya kwamba watu wataipenda amri yake. Alisema wazi kuwa watajiona wamedhulumiwa, kwa kuwa ardhi ni yao.

Ninavyoona, hapo ndipo palipokosewa katika kupumzisha ziwa letu. Kuzuia kwenyewe nakuunga mkono. Lakini Umar alifunga lango kwa wakubwa na kuliacha wazi kidogo kwa wadogo, na sisi tumelifunga kwa wote, kisha wakubwa wenye akiba wakasubiri kwa raha na wadogo wakabeba mahindi. Kijana wangu anasema ukimruhusu mwenye mshipi, usiku atabadilika kuwa mwenye wavu. Huenda. Hunayy naye alikuwa na kazi hiyo hiyo ya kutofautisha, na hakuwa na boti ya doria.

Sisi wa mkoa wa Mbeya tuna kingine cha kukumbuka. Mwaka 2006 wafugaji na wavuvi waliondolewa katika bonde la Ihefu, huko Usangu, na baadaye, mwaka 2008, eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kambale wakavu wa Usangu waliokuwa wakipita katika masoko yetu wakapungua, na familia nyingi zilihama na mizigo kichwani. Sababu iliyotolewa ilikuwa Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, samaki na viboko wakabaki kwenye madimbwi ya matope. Lakini maji ya mto ule huchepushwa juu, kwenye mashamba ya mpunga, kabla hayajafika Ihefu. Mvuvi wa kambale hakuwahi kuyanywa yote. Sisemi Ihefu isingelindwa. Nasema shemeji aliposikia tangazo la Tanganyika, hicho ndicho alichokumbuka: kwamba waliofungiwa mwaka 2006 kwa jina la maji hawakufunguliwa tena. Kijana wangu alishangaa kwa nini mjomba wake haamini tarehe 15 Agosti. Yeye mwaka 2006 alikuwa mtoto.

Tarehe ile ilifika na ziwa likafunguliwa. Shemeji aliondoka hapa siku mbili kabla. Baada ya wiki moja alipiga simu, na sauti yake niliisikia kabla ya maneno: dagaa ni wengi kuliko mwezi wa nne, na wamenenepa. Kijana akataka kuzungumza naye. “Umeona, Mjomba?” Mjomba akajibu kwamba ameona upepo ulivyovuma. Halafu akaongeza kwamba migebuka bado ni midogo, na kwa kuwa kila mtumbwi ulishusha samaki usiku mmoja, bei ya ufukweni ilianguka, hivyo deni la injini halikupungua kama alivyotarajia. Dada alipata magunia sita kwa mkopo wa undugu, usio na ziada, na meza yake ikarudi kama zamani.

Kirando wana kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wenyewe hukiita BMU, na shemeji amechaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Aliniomba nimwandikie barua ya kupeleka ngazi za juu, kwa kuwa mwandiko wangu bado ni wa ubaoni. Tuliomba mambo manne. Mwenye mshipi na mtumbwi wa kasia aruhusiwe kupata kitoweo. Tarehe zitangazwe mapema, ili mtu asikope injini mwezi wa tatu. Makokoro na nyavu za timba zisakwe mwaka mzima, si katika miezi mitatu tu. Na ukaguzi ufike kwenye magari barabarani, si kwenye mitumbwi peke yake. Ombi hili la mwisho lilitoka kwa dada.

Katika rasimu niliweka pia aya moja juu ya Hunayy na mifugo ya matajiri. Shemeji aliisoma mara mbili, akaipenda, kisha akaniomba niitoe, kwa hofu kwamba atakayeipokea barua atasema wavuvi wameleta mawaidha badala ya maombi. Nimeitoa, na barua imekwenda bila aya hiyo. Mhariri amenikubalia niiweke hapa.